FAILI HALIONEKANI: TUSIMHUKUMU MTU KABLA YA KUIFUATA NJIA

Mtu apitaye Cibitoke saa za jioni, jua likiteremka nyuma ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, hakosi kuwaona mafundi wa simu wakiinamia meza zao ndogo kando ya njia. Ninasema Cibitoke hii ya jiji la Bujumbura, mtaa wa kaskazini ulio jirani na Ngagara, Mutakura, Kamenge na Kinama. Sisemi ule mji wa Cibitoke ulioko mbali zaidi katika bonde la mto Rusizi, ufikiwao kwa barabara ya taifa namba 5. Katika mtaa huu barabara za ndani hutajwa kwa namba, na mgeni aliyepewa namba isiyo sahihi aweza kuzunguka saa nzima ilhali mwenyeji wake yu hatua chache tu kutoka pale aliposimama.

Mafundi hao hupokea maradhi ya kila aina. Kioo kilichopasuka huonekana kwa macho. Betri iliyovimba hujionyesha yenyewe. Lakini yako maradhi mengine yasiyo na jeraha wala uvimbe. Mwenye kifaa husema: "Kinawaka, mtandao upo, programu inafunguka, lakini faili halionekani." Hapo fundi mwenye haraka hufuta programu na kuiweka upya, tatizo likabaki palepale. Fundi mwenye utaratibu huanza kwa kuuliza maswali.

Ndugu msomaji, jambo hili si la mafundi wa mtaani peke yao. Zamani kompyuta ilikuwa chombo cha mezani, nayo ilikaa ofisini kama karani. Leo kompyuta imeingizwa ndani ya vyombo vingi ambavyo hatuviiti kompyuta: kifaa cha kuhesabia mali ghalani, mashine ya kusoma alama za vidole, mashine ya kutoa risiti, kifaa cha kukagua hati za magari barabarani. Askari hukishika mkononi kama ashikavyo tochi. Lakini aghalabu habari anazozisoma humo hazimo humo. Zimo katika mafaili yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta kuu, yaani seva, iliyo mbali naye. Kati ya mkono wake na faili hilo ipo njia ndefu yenye malango kadhaa. Lango moja likifungwa, faili halionekani. Na asiyeijua njia humtafuta mtu wa kumlaumu.

MABLANKETI KUMI NA MAWILI

Tuchukue mfano. Ni mfano wa kubuni, lakini kila sehemu yake yaweza kutokea katika ghala lolote lenye vifaa vya namna hii.

Koplo mmoja ni mtunza ghala. Asubuhi anatoa mablanketi 12 kwa amri halali, anayaandika katika kifaa chake cha mkononi, kisha anaendelea na kazi. Jioni anakuja luteni kufanya ukaguzi. Orodha ya seva inasema mablanketi 240. Ghalani yamo 228. Yamepungua 12.

"Nimeyaandika asubuhi, afande," koplo anasema.

"Yako wapi maandishi hayo?" luteni anauliza. "Seva haina habari zako."

Koplo anakiwasha kifaa, naye kwa bahati anayaona maandishi yake kwenye kioo. Luteni anaitazama karatasi iliyochapwa kutoka kwenye seva, haoni kitu. Kila mmoja anasema kweli, na kati ya kweli hizi mbili mtu aweza kulala mahabusu. Basi anaitwa sajenti wa mawasiliano, naye halaumu yeyote. Anauliza swali moja tu: "Asubuhi, ulipobonyeza kitufe cha kuhifadhi, kifaa kilionyesha namba gani?"

Koplo anakumbuka kwamba lilijitokeza dirisha dogo lenye maneno ya kigeni na namba. Alilifunga, kwa kuwa nyuma yake walikuwa wamepanga foleni. Namba ile ndiyo iliyokuwa shahidi wake wa kwanza, naye alimfukuza kwa mkono wake mwenyewe.

NAMBA YA KOSA NI USHAHIDI

Ni dhahiri kwamba watu wengi huliona dirisha la kosa kama kelele. Sivyo. Katika vifaa vitumiavyo mfumo wa Windows, hata vile vidogo vya Windows CE, namba ya kosa hueleza ni lango gani lililofungwa. Namba 2 maana yake faili halikupatikana. Namba 3, njia ya kulifikia si sahihi. Pengine folda iliyotajwa haipo. Namba 5, umefika lakini umenyimwa ruhusa. Namba 32, faili linatumiwa na mwingine, ngoja. Namba 53, seva iliyotajwa haikupatikana kabisa kwenye mtandao. Namba 64, mlikuwa mmeanza kuonana, kisha mazungumzo yakakatika. Namba 1326, jina au neno lako la siri limekataliwa.

Tazama jinsi namba hizi zinavyotofautiana. Mwenye namba 5 akihangaika na nyaya za mtandao anapoteza muda, kwani kule kunyimwa ruhusa kunathibitisha kwamba amefika. Mwenye namba 53 akibadilisha neno la siri mara kumi hafaidiki kitu, maana hajamfikia bado wa kumwambia neno hilo. Kwa hiyo amri ya kwanza ni hii: kabla ya kufunga dirisha la kosa, andika namba, saa, na kitendo ulichokuwa ukikifanya. Kalamu na kipande cha karatasi hapa vina thamani kuliko fundi.

MALANGO SABA

Sasa tuifuate njia, kama tarishi apelekaye barua kutoka kituo kimoja hadi kingine.

Lango la kwanza ni nguvu. Tarishi aliyelala hafiki. Vifaa vya mkononi vimeumbwa kulala mapema ili kutunza betri, na vinapolala huzima redio ya mtandao. Kifaa kinapoamka, programu hudhani kwamba faili lililokuwa wazi bado li wazi, kumbe mshiko wake ulikatika zamani. Mfumo wa Android, tangu toleo la 6 la mwaka 2015, huzizuia programu kutumia mtandao wakati kifaa kimetulia kwa muda mrefu bila kuguswa. Kadhalika, umeme ukikatika ofisini, kifaa chenye betri huendelea kuwaka ilhali rauta au seva imezimika. Wala mistari ya mtandao kwenye kioo isikudanganye: yathibitisha tu kwamba kifaa kinausikia mnara au rauta iliyo karibu. Haithibitishi kwamba seva inasikika.

Lango la pili ni anwani. Kila kifaa mtandaoni hupewa anwani ya namba. Mkuta anwani inayoanza kwa 169.254 amepata habari kubwa: kifaa hakikupewa anwani na mgawaji wake, bali kimejipa chenyewe kwa kubahatisha. Kifaa cha namna hiyo ni kama mgeni aliyeingia Cibitoke akajichagulia namba ya nyumba. Usiguse programu; tafuta kwa nini mgawaji wa anwani hakujibu.

Lango la tatu ni jina. Watu huita seva kwa jina, lakini mtandao hutafuta namba. Ikiwa daftari la majina limekosewa au halifikiki, jina halimpeleki mtu popote. Jaribio lake ni rahisi: weka namba ya seva mahali pa jina. Ikiwa kwa namba faili linafunguka na kwa jina halifunguki, umelijua lango lililofungwa, na huna haja ya kugusa jambo lingine.

Lango la nne ni lugha. Hapa ndipo vifaa vingi vya zamani hukwama, nasi tutalirudia kwa urefu.

Lango la tano ni utambulisho na ruhusa. Mlinzi wa lango hutaka jina na neno la siri, kisha hutazama una ruhusa gani. Katika seva za Windows ruhusa ni za tabaka mbili: ile ya folda iliyoshirikishwa mtandaoni, na ile ya folda yenyewe ndani ya diski. Zikitofautiana, iliyo kali ndiyo itawalayo. Mtu aweza kuruhusiwa kuandika kwenye tabaka moja na kuzuiwa kwenye nyingine, naye akaapa kwamba ruhusa anayo. Tena tusisahau saa. Mfumo wa utambulisho uitwao Kerberos, utumiwao katika ofisi nyingi, kwa kawaida haukubali saa ya kifaa ipishane na ya seva kwa zaidi ya dakika 5. Kifaa kilichoishiwa betri kabisa chaweza kurudi kwenye tarehe ya kiwandani, miaka mingi nyuma, kikakataliwa langoni ingawa mwenye nacho ni mtu halali mwenye neno sahihi. Kabla ya kumshuku mtu, tazama tarehe juu ya kioo.

Lango la sita ni njia iliyoandikwa ndani ya programu. Mifumo ya Windows CE haina herufi za diski kama zile za kompyuta ya mezani, wala haina wazo la "folda niliyomo sasa". Programu iliyozoea kuambiwa "fungua orodha" mezani, nayo ikaitafuta orodha hiyo pale ilipokaa, ikihamishiwa kwenye kifaa cha mkononi hupotea. Sharti ipewe njia kamili: mistari miwili ya mshazari, jina la seva, jina la folda iliyoshirikishwa, kisha jina la faili. Katika Android jambo ni gumu zaidi, kwani programu haiwezi kulifungua faili la seva kama lifunguliwavyo faili lililomo ndani ya simu. Lazima programu yenyewe ijue kuzungumza na seva. Na seva zitumiazo Linux, kwa kawaida, hutofautisha herufi kubwa na ndogo: "Orodha" na "orodha" ni mafaili mawili tofauti. Kosa la herufi moja laweza kuonekana kama mali iliyopotea.

Lango la saba ni faili lenyewe. Pengine mwingine amelifungua na kulifungia. Pengine mtandao ulikatika katikati ya kuandika, likabaki nusu. Faili la nusu ni hatari kuliko lisilokuwapo, kwa sababu lisilokuwapo humshtua mtu, bali la nusu humdanganya.

LUGHA ILIYOKATAZWA

Turudi sasa kwenye lango la nne. Wakazi wa Cibitoke hawashangai kusikia Kirundi, Kiswahili na Kifaransa katika mazungumzo ya barabara moja. Wawili wakikutana, kwanza husikilizana ni lugha ipi waitumie. Kompyuta nazo hufanya vivyo hivyo. Kifaa kinapoomba faili kwenye seva ya Windows, hutumia itifaki iitwayo SMB, iliyobuniwa katika kampuni ya IBM mapema miaka ya 1980. Mwanzo wa mazungumzo kifaa hutaja matoleo ya itifaki kinayoyajua, na seva huchagua. Kikiwa kinajua toleo la kwanza tu, na seva imeacha kulikubali, mazungumzo huishia hapo.

Kwa nini seva iliache toleo ambalo lilitumika miaka mingi? Jibu lake linawahusu sana watu wa ulinzi. Mwezi Machi mwaka 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa marekebisho ya kuziba tundu lililogunduliwa katika toleo hilo la kwanza. Wengi hawakuyaweka. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilipita katika tundu hilo, ikaenea kutoka kompyuta hadi kompyuta pasipo mtu kubonyeza kitu, ikafunga mafaili na kudai fidia. Nchi zilizoguswa zilihesabiwa kuwa zipatazo 150, na huko Uingereza hospitali za umma zililazimika kuahirisha matibabu. Tangu mwishoni mwa mwaka 2017, matoleo mapya ya Windows hayaji tena na SMB ya kwanza ikiwa imewashwa.

Basi tazama kilichotokea katika ghala letu la mfano. Sajenti hakubahatisha. Alibadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Alimwomba koplo arudie kuhifadhi, kifaa kikatoa namba 64. Akachukua kompyuta mpya, akaifungua folda ileile kwa jina na neno la siri la koplo: ikafunguka. Kwa hiyo seva ni nzima na ruhusa ipo. Akachukua kifaa kingine cha zamani cha namna ileile: kikashindwa kwa namba ileile. Kwa hiyo kosa si la kifaa cha koplo peke yake. Akauliza: "Seva imeguswa lini?" Akaambiwa imewekwa mfumo mpya mwisho wa juma. Hapo kisa kikafunguka. Seva mpya ilikataa lugha ya zamani. Vifaa vya ghala havikujua nyingine. Programu iliandika nakala yake ndani ya kifaa, ikashindwa kuipeleka, nayo haikupiga kelele ya kutosha.

Hapa huja kishawishi. Mtu mmoja atasema: "Basi tuiwashe tena SMB ya kwanza, kazi iendelee." Ni kweli, kifaa kitafanya kazi papo hapo. Lakini huko ni kuliacha lango la kambi wazi usiku kucha kwa kuwa askari mmoja amepoteza ufunguo. Njia iliyo salama ni kukibadilisha kifaa, au kuibadilisha programu ipeleke habari kwa njia mpya iliyofumbwa kwa siri, au, ikiwa hapana budi kwa muda mfupi, kuvitenga vifaa vya zamani pamoja na kompyuta moja ya kupokelea, mbali na mtandao mkuu. Kadhalika wakubwa wajue kwamba toleo la mwisho la mfumo wa Windows CE liliacha kuhudumiwa na Microsoft mwezi Oktoba mwaka 2023. Kifaa kisichopata marekebisho ni kama askari asiyepata mafunzo mapya: aweza kuwa mtiifu, lakini adui anamjua kuliko anavyojijua.

UMBALI NAO NI ADUI

Yako makosa mengine yasiyotokana na lango lililofungwa, bali na urefu wa njia. Itifaki za zamani za kushirikisha mafaili zilitungwa kwa ajili ya ofisi moja, ambapo swali na jibu hupishana kufumba na kufumbua. Zinapenda kuuliza maswali mengi madogo madogo.

Tufanye hesabu. Tuseme faili lina baiti 1,000,000, na programu inalisoma kwa vipande vya baiti 4,000, ikingoja kipande kimoja kifike ndipo iombe kingine. Hivyo ni vipande 250. Ikiwa swali na jibu huchukua sehemu ya mia moja ya sekunde, faili litafika kwa sekunde 2 na nusu. Lakini satelaiti za mawasiliano zinazokaa juu ya ikweta ziko karibu kilomita 36,000 kutoka duniani. Swali hupanda na kushuka, jibu nalo hupanda na kushuka. Jumla ni kama kilomita 144,000, na hata mwendo wa mwanga huhitaji karibu nusu sekunde. Vipande 250 kwa nusu sekunde kila kimoja ni sekunde 125, yaani zaidi ya dakika 2. Programu iliyoamriwa kungoja sekunde 30 itasema "seva haipatikani", na itakuwa imesema uongo pasipo kukusudia.

Nchi za kwetu zaijua vema hali hiyo. Kabla ya nyaya za baharini kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009 na 2010, satelaiti ndiyo iliyokuwa njia kuu ya kuufikia mtandao wa dunia. Burundi, isiyo na pwani, huifikia bahari kwa nyuzi zipitazo katika nchi jirani. Kwa hiyo programu ambayo mtengenezaji wake aliijaribu ndani ya chumba kimoja na seva haijajaribiwa bado. Ijaribiwe kituoni, mahali ambapo mtandao huja na kutoweka.

FUNZO LA KENYA

Mtu asidhani kwamba mambo haya ni madogo, ya mablanketi tu. Katika uchaguzi wa Kenya wa tarehe 8 Agosti 2017, Tume ya Uchaguzi ya nchi hiyo ilipeleka vituoni vifaa vya mkononi vilivyojulikana kwa kifupi kama KIEMS. Vifaa hivyo vilikuwa na kazi ya kumtambua mpiga kura kwa alama za vidole, kisha kupeleka matokeo ya kituo pamoja na picha ya fomu iliyotiwa sahihi, iitwayo 34A. Siku chache kabla ya kura Tume ilitangaza kwamba vituo 11,155 kati ya 40,883 vilikuwa nje ya mtandao wa kasi wa kizazi cha tatu au cha nne, nao wasimamizi wake wangepaswa kusogea mahali penye mtandao ndipo wapeleke matokeo.

Mjuzi wa njia ya faili atauona ugumu hapo. Tarakimu chache ni mzigo mwepesi. Hupita hata katika mtandao dhaifu. Picha ya fomu ni mzigo mzito. Tarakimu zilifika na kutangazwa, ilhali fomu nyingi zilikuwa hazijafika. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, iliufuta uchaguzi wa rais kwa wingi wa kura za majaji, na namna matokeo yalivyopelekwa ilikuwa miongoni mwa hoja zake kuu. Katika uchaguzi wa mwaka 2022 picha za fomu hizo ziliwekwa mtandaoni, kila raia akaweza kuzitazama na kujumlisha mwenyewe.

Hatusemi kwamba kasoro ya mtandao ndiyo kisa kizima. Mahakama ilipima mambo mengi. Tunasema hivi: habari iliyofika bila hati yake huzaa shaka, na shaka ikishazaliwa haiuawi kwa maelezo ya fundi.

PROGRAMU IPASAVYO KUWA

Kutokana na hayo tunapata kanuni ambazo kila mkuu anayenunua vifaa apaswa kuzidai. Kwanza, programu ya kifaa cha mkononi isiishi kwa kutegemea faili lililo mbali. Ichukue nakala, ifanye kazi na nakala hiyo, kisha ipeleke mabadiliko mtandao upatikanapo. Pili, isimwambie askari "imehifadhiwa" mpaka seva ijibu kwamba imepokea. Kabla ya hapo iseme wazi "bado haijapelekwa". Tatu, inapoandika kwenye seva, iandike kwanza katika faili la muda, na likitimia ndipo ilipe jina lake la kweli, ili pasipatikane faili la nusu. Nne, iweke daftari la makosa lenye namba na saa, ambalo mtumiaji hawezi kulifuta kwa kufunga dirisha.

Tano, na hili lawahusu hasa ndugu zetu wa polisi, nakala ionyeshe tarehe yake kwa herufi kubwa. Tuseme askari yuko kizuizini barabarani, na kifaa chake kina orodha ya magari yaliyoibwa. Orodha hiyo ikiwa ya juzi, gari lililoibwa jana litapita mbele yake akilipigia saluti. Na mwenye gari lililokwisha kupatikana atateremshwa mbele ya watoto wake kama mwizi. Askari hana kosa, kwani alitii alichokisoma. Lakini raia hamlaumu seva. Humlaumu aliyevaa sare.

WAJIBU WA MWENYE KIFAA

Ndugu askari, huhitaji kuwa fundi ili uitimize sehemu yako. Linapotokea kosa, simama. Andika namba, saa na kitendo. Tazama betri, tarehe na anwani. Uliza kama mwenzako mwenye kifaa kama chako amepatwa na tatizo hilo, na kama kuna kitu kilichobadilishwa karibuni. Usifute programu wala kukirudisha kifaa katika hali ya kiwandani kabla fundi hajaichukua nakala iliyomo ndani, maana huenda hiyo ndiyo nakala pekee ya kazi yako. Wala usimpe mwenzako neno lako la siri eti ajaribu. Akijaribu yeye, daftari litaandika jina lako.

Na ndugu afisa, kumbuka kwamba karatasi ya seva si ushahidi kamili. Inasema kilichofika, haisemi kilichotumwa kikakwama njiani. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na katika ukaguzi wa mali haraka humtia mtu hatiani bure, huku tundu lenyewe likibaki wazi kwa kesho.

Koplo wa mfano wetu aliokoka kwa sababu tatu: hati ya amri yenye sahihi ilikuwapo, nakala ilikuwa haijafutwa ndani ya kifaa, na sajenti aliuliza kabla ya kuhukumu. Ikikosekana moja ya hizo tatu, angekuwa ni mwizi wa mablanketi 12 katika kumbukumbu zote. Kesho yake luteni alitoa amri mbili: daftari la karatasi liendelee kuandikwa ghalani hadi vifaa vipya vitakapofika, na kila kosa la kifaa liripotiwe kwa namba yake, kama iripotiwavyo risasi iliyopotea.